Bibi Aliyeomba Afunguliwe

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima Kulen niliporudi na chupa mbili za petroli. Nilikuwa nimemwacha mke wangu, Kolab, kwenye ngazi za hekalu, miguu imemvimba, anamenya mbegu za yungiyungi. Nilimwacha peke yake.

Sasa walikuwa wawili.

Bibi kizee mmoja alikuwa amechuchumaa ubavuni pake. Joto lote lile, lakini alikuwa amejifunga kitambaa cha miraba shingoni, kimekazwa mpaka chini ya kidevu. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo la Kolab.

Tumbo la miezi minane.

Safari yenyewe ilikuwa fupi tu. Mimi ni dereva wa bajaji, nawazungusha wageni mahekaluni, na Kolab alikuwa ameshanichoka. "Wazungu umewaonyesha kila jiwe," aliniambia, "mkeo hata ukuta hajauona. Nikishazaa ndiyo basi tena." Kwa hiyo tukaenda. Siku ya kwanza tulizunguka mahekalu ya kale ya Angkor. Akazitazama zile nyuso kubwa za mawe, akacheka hadi akashika kiuno. "Huyu hapa ni mama yako akionja supu yangu!" Siku ya pili tukaja huku msituni, kwenye hekalu lililomezwa na mizizi ya miti. Tulipanga kulala kwa shangazi yangu Savoeun, kijiji cha jirani.

"Bibi anaomba lifti," Kolab akasema. "Anaelekea hukohuko."

Nani anamnyima lifti bibi kizee?

Njia ilikuwa ya mchanga mwekundu, msitu huku na huku. Nyenje walikuwa wanapiga kelele, lakini kila tulipopita walinyamaza. Halafu ikaja harufu. Kwanza tangawizi. Na chini ya tangawizi... harufu ya buchani.

Kolab akasogea mbele, mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Phirun... nilikuwa nimemwegemea kifuani."

"Enhe?"

"Hapumui."

Nikatupa jicho kwenye kioo. Kile kitambaa kilikuwa kimelegea. Shingoni kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, umezunguka shingo nzima. Na macho yake yalikuwa yananingoja kiooni.

"Tazama mbele, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Una watu wawili wa kuwafikisha."

Wawili. Yeye hakujihesabu.

Hapo Kolab akapiga ukelele. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, maji yametapakaa hadi miguuni pangu.

Shangazi alitusikia kwa mbali, akatoka na taa. Nyumba yake, kama zote za huko, imesimama juu ya nguzo, na chini alikuwa ameizungushia matawi ya miiba kwa ajili ya ujio wa Kolab, kinga ya kila mjamzito wa huko. Aliponyanyua taa akamwona bibi, taa nusura imponyoke.

"Huyo umemtoa wapi?"

"Hekaluni, shangazi. Aliomba lifti tu..."

"Mjinga wewe! Huyo ni mchawi! Giza likiingia kichwa chake kinaacha kiwiliwili, kinapaa na matumbo yananing'inia. Anafuata damu ya uzazi! Mpandishe mkeo. Rudisha miiba, haraka!"

Nikafanya hivyo. Bibi hakubisha. Alibaki amesimama nje ya miiba, mikono pembeni, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Zahanati ilikuwa mbali, lakini shangazi amezalisha nusu ya kile kijiji. Nikajipa moyo. Kolab alisukuma, akapumzika, akasukuma tena. Midomo yake ikawa myeupe. Shangazi alikuwa anatoka jasho puani.

"Anakuja," akanong'ona. "Halafu anarudi. Sielewi."

Sauti ikapanda kupitia nyufa za sakafu. Ilisikika kama iko chini yetu kabisa, pale asipoweza kufika mtu bila kuvuka miiba.

"Kitovu kimemzunguka shingo. Nifungulieni."

"Usimjibu!" shangazi akanishika mkono.

"Nifungulieni. Anakufa."

Kolab akafumbua macho. Hakumtazama shangazi, alinitazama mimi.

"Mfungulie."

"Kolab..."

"Phirun, mfungulie."

Nikamgeukia shangazi. Akauachia mkono wangu.

Nikashuka. Bado alikuwa amesimama nje, palepale nilipomwacha. Nikaivuta miiba kwa mikono mitupu.

Alinipita bila kunigusa, na ubaridi wake ukabaki kwenye ngozi yangu. Alipiga magoti mbele ya mke wangu, akaingiza vidole vyake virefu, akafanya kitu upesi, kama mtu anayefungua fundo la uzi.

Mtoto akatoka. Wa bluu.

Kimya.

Kimya...

Kisha kilio.

Wa kike. Mzima.

"Kondo la nyuma nitakwenda nalo," bibi akasema. Hakuwa anauliza. Nikalifunga kwenye kitambaa cheupe, nikampa. Shangazi aligeukia ukutani. Ngazi za nyumba ile hulia hata akipanda paka, lakini bibi alishuka na sikusikia kitu.

Asubuhi kile kitambaa cheupe kilikuwa kimetundikwa uani, kimenyooshwa vizuri. Katikati kulikuwa na alama ya mdomo. Ya damu.

Shangazi alikuwa ameshaweka sufuria motoni.

"Tukikichemsha, mdomo wake unaungua popote alipo. Hatarudi."

"Lakini shangazi, amemwokoa mtoto."

"Jana. Na kesho je? Ameshaijua ladha ya damu yenu."

Akakitumbukiza.

Huko msituni kitu kikalia. Labda ndege.

Kolab alishuka ngazi zile, mwanamke aliyejifungua usiku huohuo, akatia mkono kwenye maji yanayochemka na kukitoa kitambaa. Hakupiga kelele. Akakifua kwa maji baridi ya mtungi, mkono wake umejaa malengelenge, huku shangazi akimtukana na kulia kwa pamoja.

Njiani kurudi nyumbani ndipo aliponiambia.

"Alipokuwa ananifuta jasho alilia, Phirun. Alininong'oneza kwamba yeye siku yake ya uchungu aligonga kila mlango wa kijiji kile. Wote walikuwa na miiba."

Sikumwuliza ni miaka mingapi iliyopita.

Binti yetu sasa ana miaka mitatu. Anakula vizuri, anacheka sana, na shangazi hajawahi kumbeba. Kolab ana mimba tena. Hospitali ya mjini iko karibu na kwetu, kwa miguu tu unafika, na nimeshaongea na mkunga wa pale.

Jana jioni, akipepeta mchele, mke wangu akaniuliza bila kuinua uso:

"Ile njia ya hekaluni... mvua zikianza, bado inapitika?"