Mwenza Yuko Wapi

Mercedes ya rangi ya fedha ilikata kona bila kuwasha taa.

Nge naye akaikata. Pikipiki yake ya Yamaha ililala ubavu, goti lake likakaribia kuramba lami, kisha ikasimama wima nyuma ya lori la saruji.

"Kituo, hapa Nge. Gari linaelekea kwenye bwawa la kuogelea."

"Nani yumo?" Ilikuwa sauti ya Mkuu, kavu kama kawaida.

"Mshauri anaendesha."

"Na wa pili?"

"Katibu."

"Mkeo."

"Katibu," alisema Nge tena, akaongeza mwendo.

Wenzake kazini walimpa jina la Nge kwa sababu alikuwa mtu wa kujikunyata pembeni, kimya, halafu ghafla mtu ameumwa. Nyumbani hakuwa Nge. Nyumbani alikuwa baba watoto, fundi wa mitungi ya kuzimia moto, mume wa Katibu wa Chama cha Kuogelea cha Vijana. Mke aliamini habari ya mitungi. Au Nge aliamini kwamba mke anaamini.

Agizo la asubuhi ile lilimkuta bafuni. Simu ilitetemeka juu ya sinki, naye akasoma huku povu la kunyolea likimkauka kidevuni.

*Kikulacho ki nguoni mwako. Kampuni ya ng'ambo imetega kura ya Chama leo. Tafuta kifaa. Ukimkuta Katibu ndani ya mpango, mtie pingu.*

Upande wa pili wa mlango, mkewe alikuwa anajipulizia manukato. Chupa ile alimnunulia Nge mwenyewe, na mwaka mzima haikuwa imefunguliwa.

Leo imefunguliwa. Kwa ajili ya nani?

Mercedes ilisimama mbele ya bwawa. Mshauri alishuka, akazunguka, akamfungulia Katibu mlango. Alikuwa mtu wa Kampuni, mabega mapana, viatu vinang'aa, begi jeusi la mpira likining'inia begani. Alisema neno. Katibu akacheka akitupa kichwa nyuma, mpaka mkono ukashika mlango wa gari.

Nge alijaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha hivyo. Hakukumbuka, na roho ikamuuma.

Ugonjwa ulianza mezani, wakati wa chakula cha jioni. "Ungemwona Mshauri anavyokata maji," mkewe alisema. "Kama maji yanampisha." Nge aliweka kijiko chini. Yeye hakujua kuogelea. Bwawa kwake lilikuwa shimo lenye rangi nzuri. Siku iliyofuata alimletea mkewe zawadi: kishikio cha funguo, samaki mdogo wa chuma. Ndani ya samaki mlikuwa na kinasa sauti. Kipokezi chake, kidogo kuliko punje ya mahindi, kilikaa ndani ya sikio la Nge.

Mkuu hakumwagiza afanye hivyo. Aliyeagiza ni wivu.

Sasa Nge alivaa ovaroli la buluu, akabeba mtungi mwekundu begani. Chini ya ovaroli, Beretta. Mlinzi wa getini hakumtazama mara mbili. Nani amchunguze fundi wa moto mahali penye maji yote yale?

Ndani, harufu ya klorini ilimpanda puani. Chama hakikuwa na ukumbi, kwa hiyo wajumbe walikaa kwenye ngazi za zege kando ya bwawa, suti juu ya zege bichi, na Mshauri kwenye kiti cha plastiki mbele yao. Ng'ambo ya pili walikaa watoto wenyewe, mataulo mabegani, wakisubiri wakubwa wamalize maneno yao waingie majini. Kila mjumbe alikuwa na rimoti mkononi. Kitufe cha kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana. Rimoti zote zilikuwa msaada wa Kampuni.

Mama Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa kuogelea mwenye sauti isiyohitaji kipaza, alikuwa anaeleza hoja.

"Hoja inasema hivi. Kampuni ndiyo itakayochagua watoto wa kwenda mashindanoni. Kampuni ndiyo itakayoleta daktari wa kuwapima dawa. Na vikao vyetu vitafungwa, wazazi wasiingie. Mimi nimeshasema siitaki. Lakini chama si changu. Ni chenu."

Nge alitazama wale watoto. Aliyeshika kitufe leo ndiye angeamua nani aende, nani abaki, na nani anyweshwe nini akae kimya.

Alitoa mfukoni kipimo cha mawimbi kilichofanana na kalamu. Mshale ukacheza, ukageuka, ukakaza. Ulilenga chini ya kiti cha Mshauri. Begi jeusi.

"Kituo. Nimekipata. Kimo begini."

"Usiguse. Acha wapige kura. Tutamkamata mkono ukiwa ndani ya begi, mbele ya mashahidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Kisha samaki akasema sikioni.

Ilikuwa sauti ya mkewe, ya chini, ya haraka. "Nimempata mwenza. Yuko hapa ofisini kwangu, nimemficha kabatini. Hapana, hapana, mume wangu asijue. Unamjua na wivu wake. Atakuja kuharibu."

Nge aliinua macho. Mama Mwenyekiti alikuwa amekatiza maelezo, amesogea pembeni na simu. Kiti cha Mshauri kilikuwa kitupu, na begi halipo.

Mwenza. Kabatini.

"Nge," Mkuu aliita. "Mbona unaondoka? Nge, rudi."

"Mawasiliano yanakatika," alisema Nge, akazima redio.

Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hawakuwa wamefichiwa mwanamume kabatini. Nge alipanda ngazi mbili mbili. Mtungi ulimgonga ukutani, akautupa. Mlango wa ofisi aliufungua kwa bega.

Katibu alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni. Alimwona mumewe, ovaroli, bastola. Mdomo ukabaki wazi.

"Atoke," alisema Nge.

"Nani?"

"Mwenza wako. Atoke mwenyewe, nisimtoe mimi."

Alilivuta kabati. Zilimwagika kofia za kuogelea, filimbi, miwani ya majini, boksi la plasta. Akasukuma mataulo kando. Nyuma kabisa, kwenye kona, palikuwa na mwenza.

Ilikuwa rimoti.

"Hii ni nini?" aliuliza Nge. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ni mwenza," alisema mkewe. "Kila rimoti waliyopewa wajumbe ina mwenza wake kwenye begi la yule mtu. Mjumbe anabonyeza hapana, yeye anabonyeza mwenza, ubao unaonyesha ndiyo. Nimemchekea wiki nzima nikae karibu na begi, leo ndani ya gari nimemwibia moja. Nilikuwa namwambia Mama Mwenyekiti kwenye simu."

"Ulisema nimempata."

"Mwenza, nitasemaje? Nimekipata?" Macho yake yakawa madogo. "Wewe umesikia wapi nilivyosema?"

Mlangoni alisimama Mshauri, begi mkononi. Alikuwa ametoka chooni, ambako aliwahesabu wenza wake akakuta pengo. Alitazama rimoti, akatazama Beretta, akamtazama Katibu.

"Kumbe ulikuwa unanicheka," alisema, "na mimi nikadhani unacheka na mimi."

Akatimua mbio.

Nge akamfuata. Ngazi, korido, kisha mwanga mkali wa bwawa. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa mekundu: USIKIMBIE. Wote wawili walikimbia. Wajumbe walisimama. Mlango wa kuegesha magari ulikuwa upande wa pili, na njia ya kulizunguka bwawa ilizibwa na watu kule mbele. Mshauri hakupunguza hata hatua. Alivua viatu kwa visigino, akajirusha majini na begi lake la mpira.

Hakurusha tone. Alikata maji kwa kweli, na maji yalimpisha.

Nge aliinua bastola, akaishusha. Ng'ambo walikaa watoto.

Akakimbia ukingoni. Akampita Mshauri kwa hatua kadhaa. Chini yake maji yalikuwa ya buluu nzito, upande ule usio na sakafu ya kukanyaga. Kila alichokuwa nacho kichwani kilimwambia asimame. Lakini alimwona yule mtu anavyoteleza, kwa starehe, mwili wote ukimtii, akakumbuka kijiko alichokiweka mezani.

Akaruka.

Alimwangukia mgongoni kama gunia. Wakazama wote. Maji yalimwingia Nge puani, masikioni, mpaka kwenye mawazo. Hakujua juu wala chini. Alijua kitu kimoja tu, kwamba mkononi ameshika mkanda wa begi na mkono mwingine umeshika shingo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Na hakuna muogeleaji duniani, awe bingwa wa namna gani, anayeweza kujinasua kwa mfa maji.

Mshauri alilijua hilo. Aliwafundisha watoto mwenyewe: anayezama asikushike. Alipiga teke, akapiga kiwiko, akauma. Nge hakuachia. Hakuwa na ushujaa wowote wakati huo, alikuwa anakufa tu, na alikuwa anakufa na mtu.

"Asiingie mtoto yeyote," sauti ya Katibu ilisikika juu ya kelele. "Lete mti."

Mti mrefu wa kuokolea, wenye pete ya chuma mwishoni, ulishuka. Pete ikawazunguka wote wawili. Wakavutwa ukingoni kama fungu moja la nguo chafu. Katibu alimshika mumewe kwa ukosi, akamwinamia kuona kama anapumua. Funguo zilining'inia kiunoni mwake, karibu na sikio la Nge.

Samaki akapiga mluzi.

Mluzi mwembamba, mkali, kutoka kwa samaki mpaka sikioni na kurudi, kama wa kipaza kilichosogezwa karibu na spika. Katibu alimtazama samaki. Akalitazama sikio. Alichukua begi, akaenda nalo mbele.

Vijana wa Kituo waliingia, wakamfunga Mshauri pingu.

Mama Mwenyekiti alimwita mjumbe mmoja, mzee wa mistari ya mbele. "Bonyeza hapana, kaka yangu."

Mzee akabonyeza. Ubao ukaonyesha hapana. Katibu akatafuta begini mwenza wa rimoti ile, akakibonyeza kitufe chake cha kijani. Ubao ukafikiri kidogo, kisha ukaandika NDIYO.

Mzee aliitazama rimoti yake, akaiweka chini taratibu.

"Sasa tupige kwa mikono," alisema Mama Mwenyekiti. "Mbele ya hawa watoto, waone mkono wa kila mtu uko wapi. Wanaotaka Kampuni?"

Hakuna mkono. Hata waliokuwa wameahidiwa safari na Kampuni waliikunja mikono kwapani.

"Wasiotaka?"

Ngazi zote zikaota mikono. Ng'ambo, watoto nao wakainua ya kwao, ingawa hawakuwa na kura, na hakuna aliyewakataza.

Nge alikaa ofisini, amefungwa taulo la mtoto lenye picha za bata. Mkewe aliingia, akafunga mlango, akaketi ng'ambo ya meza kama anayesikiliza maombi ya uanachama.

"Fundi wa mitungi," alisema.

"Ndiyo."

"Mwenye bastola, na vijana wenye pingu wanaomwita Nge."

Nge alitikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na jingine la kufanya.

Mkewe alimweka samaki mezani. "Kila rimoti leo ilikuwa na mwenza wake. Na huyu? Mwenza wake yuko wapi?"

Nge aliingiza kidole sikioni. Akatoa ile punje, ina maji bado, akaiweka kwenye kiganja cha mkewe.

"Asubuhi umejipulizia manukato," alisema. Hakutaka kusema, yalimtoka. "Na kile kicheko pale garini..."

"Manukato yalikuwa ya kazi. Kicheko..." Alifikiri. "Kicheko kilikuwa changu. Yule mtu ni mwizi, lakini anachekesha. Sijui kwa nini hilo nikuombe ruhusa."

"Nilidhani..."

"Ulidhani, kwa hiyo ukatega. Watu wazima wamenyoosha mikono hadharani, mbele ya watoto, chama kiwe cha wenyewe. Mimi narudi nyumbani kusikilizwa kwa wizi na mtu ninayelala naye."

Aliwatumbukiza samaki na mwenza wake kwenye glasi ya maji. Kisha akanyoosha mkono. Nge akaelewa, akampa ufunguo wa Yamaha.

"Utakuja kwa miguu. Njiani panga utakachoniambia. Chote, tangu mwanzo. Nikisikia umebakiza kitu, usipige hodi."

Simu ya Nge, iliyonusurika ndani ya mfuko wa mpira, iliita.

"Nge," alisema Mkuu. "Umenikaidi, lakini kazi ni safi. Gari likuchukue wapi?"

Nge alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaokota filimbi sakafuni.

"Sihitaji gari," alisema.

Aliteremka ngazi, akawapita wajumbe waliompisha njia, akawapita vijana wa Kituo waliomsalimia kwa heshima. Alivaa miwani yake myeusi. Alitembea polepole, mabega wima, kama mtu aliyechagua mwenyewe kutembea. Viatu vililia maji kila hatua mpaka nje ya geti, na nyuma yake watoto walikuwa wameshaanza kuruka bwawani.