Kona ya Veneranda

Wakili Evarista alifika Kilolo Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro jioni, viatu vya ofisini miguuni, kwa kazi ya dakika ishirini: kupiga picha mawe ya mpaka ya shamba la kina mzee Sosthenes. Jumatatu picha hizo zingeingia kwenye faili ofisi ya ardhi. Hatimiliki moja yenye majina manne ingefutwa, zitoke tatu.

Majina manne, hati tatu. Hesabu hiyo ndiyo iliyomfanya asimtazame mtu machoni alipokuwa akisalimia.

Shamba waliachiwa ndugu wanne kwa pamoja: Sosthenes, Bertha, Yotamu na Veneranda. Veneranda aliolewa Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, miaka thelathini iliyopita, akanyamaza. Bila sahihi yake hakuna kugawana.

"Andika amefariki, mwanangu," Sosthenes alimwambia ofisini, mjini Iringa, mwezi Mei. "Mtu hakuja hata kumzika baba yake. Ana tofauti gani na marehemu?"

Evarista alicheka. Kiapo kilitaka tarehe ya kifo, akaweka ya siku ile ile, tisa Mei, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimkodolea macho kwenye kompyuta. Kilitaka na warithi, akaandika: *hakuacha mtoto wala mjukuu*. Wiki mbili baadaye mzee akaja kuapa, yeye akagonga muhuri. Mwanamke aliyesomea sheria, aliyezoea kuwasuta wateja wanaokuja mahakamani na hirizi kiunoni, alimuua mtu kwa mistari miwili, kisha akaenda kula chipsi.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane, na ukungu ulikuwa ukishuka.

Ukoo ule una utaratibu wake. Shamba likigawanywa, kila mwenye fungu husimama kwenye kona yake, kisigino juu ya jiwe, anataja jina lake kwa sauti. Majirani wakishasikia, hakuna wa kubisha.

"Sosthenes!" mzee alipaza sauti kutoka kona ya juu.

"Bertha!"

"Yotamu!" Huyu alikuwa ameshapitia pombe ya ulanzi. Akaongeza, "Mwenye masikio asikie, mwenye wivu ahame!" Majirani wakacheka.

Ikabaki kona ya nne, bondeni, kwenye ua wa minyaa. Fungu hilo lilikuwa liende kwa Sosthenes. Jiwe lipo, mtu wa kusimama hakuna. Evarista akashuka peke yake, simu mkononi.

Ukungu ukamfunika mpaka kifuani. Vicheko vya juu vikakatika, kama mtu amefunga mlango.

Harufu ikaja kwanza. Miti iliyochemshwa... karatasi mbichi, yenye maji.

Halafu sauti, ya chini, bila haraka.

"Veneranda."

Mwanamke mzee alisimama pale. Kitenge, sweta ya kijani, mkononi nguo zilizokunjwa nusu. Kisigino juu ya jiwe.

"Kamwene, mama," Evarista alinong'ona kwa Kihehe. "Shikamoo."

Hakuitikiwa.

"Nilikuwa naanua nguo," alisema yule mama. "Mchana. Nikasikia kidole mgongoni. Kinaandika. Nikasema, ni mjukuu wangu anacheza." Akaikunja nguo ya juu. "Mwandiko mzuri. Wa mtu aliyesoma."

"Mama, mimi..."

"Mstari wa kwanza umekwisha, mwanangu. Wa pili ufute."

Upepo ukapita kwenye minyaa.

Pakabaki jiwe, na juu yake alama ya kisigino, ya maji.

Evarista hakumbuki alipandaje. Kiatu kimoja kilibaki bondeni, kipo hadi leo. Alipoingia jikoni kwa mzee, Bertha alikuwa analia kimya kimya kando ya moto, na karibu naye ameketi msichana mgeni, begi dogo miguuni. Sosthenes alisimama mlangoni.

"Huyu ni Jackline," Bertha alisema. "Ametoka Mgololo. Ni mjukuu wa Veneranda wetu. Ameleta habari ya msiba."

"Bibi aliniagiza," Jackline alisema. "Nikifa, peleka habari nyumbani. Nimechelewa, mnisamehe. Alikufa tisa Mei. Alikuwa anaanua nguo, mchana, akaanguka. Kabla sijatulia, mwezi wa saba mama naye... Bibi alimzaa yeye peke yake. Nimebaki mimi."

Moto ulipasua kuni. Sosthenes akainama sikioni kwa wakili.

"Basi," alinong'ona, "kiapo chetu ni cha kweli sasa."

Na hapa ndipo penye aibu ambayo Evarista hajamsimulia mtu. Kabla ya woga, kabla ya huruma, kwa muda wa kupepesa jicho, alishukuru. Alifikiri: nimepona, hakuna wa kunishtaki. Kisha akauona uso wa yule binti, umechoka na safari, unamtazama kama mtu mwema.

Akafungua mkoba kwa pupa, akatoa nakala ya kiapo, akaukata mstari wa pili kwa kalamu. Akakata tena, mpaka karatasi ikachanika. Akaitupa motoni.

"Ile yenyewe iko wapi?" Bertha aliuliza. Hakuwa mjinga, Bertha.

"Ofisi ya ardhi. Kwenye faili."

"Wakili, mbona unatuunguzia karatasi?" Sosthenes alisema.

"Nyamaza, mzee. Mimi na wewe leo tunyamaze."

Jackline alikuwa anajipinda, mkono nyuma, hafikii.

"Dada, samahani... hebu nitazame mgongoni. Kuna kitu kinatambaa. Tangu asubuhi, kwenye basi."

Evarista akampandisha sweta. Ngozi laini, hakuna mdudu, hakuna upele. Akaweka kiganja.

Chini ya kiganja, kitu kilikuwa kikitembea. Taratibu, kwa mstari ulionyooka. Kinasimama, kinaanza tena. Aliyafuata maneno kwa vidole, moja baada ya jingine, na hakuhitaji kubahatisha, kwa sababu yalikuwa ya kwake.

*Hakuacha... mtoto...*

"Ni nini, dada?"

*Wala...*

"Si kitu," Evarista alisema, akambonyeza mgongo kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama mtu anayeziba bomba lililopasuka. "Si kitu, mdogo wangu. Kaa hivyo hivyo. Usisogee."

Ilikuwa saa moja usiku, Ijumaa. Ofisi ya ardhi hufunguliwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi.