Lenzi ya Kuwaingiza Wote

YAH: KIKAO CHA TATU CHA KAMATI NDOGO YA UTEUZI WA LENZI YA KAMERA YA OFISI. AJENDA NAMBA 4: HARUFU.

Harufu iliingia kwenye ajenda kwa sababu Mwenyekiti hakuruhusu kitu chochote kunuka nje ya utaratibu. Ilikuwa ya nywele zilizoungua, na ilizuka kila kamera ilipobonyezwa. Mjumbe mmoja alisema ni zulia. Mwingine alisema ni mjumbe wa kwanza. Kikao kikaendelea.

Ofisi ilikuwa ya vitambulisho: mwananchi anakalishwa kwenye stuli, anaambiwa asicheke, anapigwa picha, kisha baada ya miezi sita anaambiwa picha haikutoka. Ndipo ikaundwa kamati ya kuchagua lenzi moja kati ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuvuta, milimita kumi na nane hadi hamsini na tano. Ukizungusha pete yake hadi kumi na nane inachukua ukumbi mzima; hadi hamsini na tano inabana watu wachache wa katikati. Ya pili ilikuwa hamsini, haivuti wala haisukumi. Ya tatu ilikuwa themanini na tano, kuukuu, iliyookotwa stoo. Kamera yenyewe haikujadiliwa. Stendi yake ilifungwa sakafuni kwa skrubu nane, na kichwa chake kikakazwa kwa mtindo huohuo, kwa mujibu wa waraka.

Mpiga picha waliyemwita Mama Flashi alikuwa na jambo moja tu la maana pale ofisini: mdogo wake, karani wa masjala, aliyeitwa Faili. Alimlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akamtafutia ile kazi. Bado alimkagua kola kila asubuhi.

Siku ya kujaribu lenzi ya tatu alikaa mlinzi, Komandoo.

"Kaza sura, Komandoo."

"Hii sura nilizaliwa imekazwa, mama. Piga."

Akabonyeza. Ndani ya kamera ya namna ile mna kioo kidogo kinachomwonyesha mpiga picha anachokilenga. Picha inapopigwa kioo kinaruka juu, na kwa kufumba na kufumbua jicho lake halioni kitu. Katika giza lile alisikia kishindo, kama mlango wa gari unaobamizwa kwa hasira. Kioo kiliposhuka, Komandoo alikuwa bado ameketi, taya limehamia upande, meno mawili yamelala mapajani mwake.

Kwenye picha, shavuni pake, palikuwa na vidole. Kila kimoja kilikuwa na viungo vitano.

"Jini hilo," mjumbe mmoja akanong'ona.

"Punguza sauti, litasikia."

"Niandike nini?" akauliza Katibu.

"Andika changamoto ya kiufundi," akasema Mwenyekiti.

Hospitalini Komandoo aliomba karatasi, akaandika: *Nilitaka kuinuka. Miguu ilikataa.*

Mganga aliletwa kwa cheo cha Mshauri Elekezi wa Nje. Akasoma alichosoma, akaivunja lenzi ya tatu kwa nyundo. Harufu haikuondoka.

"Huyu hakai kwenye lenzi," akasema. "Nipeni kamera niifungue."

"Mzee, hadidu zako za rejea ni lenzi. Kamera ni idara nyingine," akasema Mwenyekiti.

Mganga alifunga mkoba wake, akaondoka bila kumpa mtu mkono, akipita nyuma ya kamera.

Jioni ile Mama Flashi alitoa kifuniko cha kamera isiyo na lenzi, akachungulia kwenye kile kioo kidogo. Pumzi ya moto ikampiga usoni.

Kesho yake lenzi ya kwanza ilishinda kwa kura zote, maana ingewaingiza watumishi wote tisa kwenye picha moja. Mwenyekiti akataka ipigwe picha ya kumbukumbu papo hapo, saa nne asubuhi. Walipangwa kwa vyeo: yeye katikati, Naibu kushoto kwake, Katibu kulia, na mwisho kabisa wa mstari, Faili.

"Sipigi," akasema Mama Flashi. "Limo humu ndani."

"Ni amri."

"Niandikie karipio, nitasaini. Faili, toka hapo."

"Dada, watatufukuza sote," Faili akanong'ona.

"Kila mtumishi abaki mahali pake!" Mwenyekiti akaja mwenyewe kwenye kamera. "Kwani hii ni roketi?" Akabonyeza alivyobahatisha, akaweka sekunde kumi za kusubiri na picha kumi mfululizo, akarudi katikati, akavuta tai.

Picha ya kwanza ilivunja mkono wa dereva, wa mwisho kushoto, ukapinda kwa nyuma kama bawaba, na kabla hajapata pumzi ya kulia, ya pili ikampasua paji la uso mhudumu aliyesimama bega kwa bega na Faili, damu ikaruka hadi ukutani, na wote tisa wakawa wanapiga kelele huku miguu yao imeganda sakafuni, na Mama Flashi akazungusha swichi ya kuzima lakini swichi ikazunguka bure, akaivuta stendi na skrubu nane zikatii waraka, akaziba lenzi kwa kiganja cha kushoto, na picha ya tatu ikamvunja vidole vitatu kwa mpigo, mkono ukashuka wenyewe, na ya nne ikashika nywele za Faili na kukivuta kichwa chake nyuma, nyuma, mpaka koo likabaki wazi chini ya taa na macho yake, yamepinduka, yakawa yanamtafuta dada yake.

"Dada!"

Mkono wa kulia wa Mama Flashi ulikuwa kwenye pete ya lenzi.

Faili akaanguka upande, akikohoa, nywele zimenyofoka, miguu yake imerudi kuwa yake. Zilikuwa zimebaki picha sita.

Taarifa ya kamati ilieleza kwamba lenzi ilikidhi vigezo, na kwamba viongozi watatu walifariki wakiwa kazini kutokana na changamoto ya kiufundi. Kilichotokea ni kwamba Mama Flashi aliizungusha pete hadi hamsini na tano, akamtoa mdogo wake kwenye picha, na akawaacha Mwenyekiti, Naibu na Katibu ndani, akijua.