Spika za Urho Kemppainen

Waliokuwapo ni watatu: rafiki yangu Urho Kemppainen; mkewe Lempi, aliyekuwa akimimina kahawa; na jirani yao Tuulikki Heikura, anayejua kompyuta. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Novemba, mjini Kuhmo, kaskazini ya mbali ambako jua huzama mapema, na giza lilikwisha tanda madirishani.

Urho alikuwa amefuta mfumo wa zamani wa kompyuta yake na kuweka mwingine wa bure. Alitaka jambo moja tu: kuonana na kusemezana na kaka yake Oiva, mgonjwa mahututi hospitalini mjini Oulu. Kioo cha kompyuta kiliwaka vizuri, lakini spika zilikuwa bubu.

“Si nilikwambia, bwana wee? Rahisi ghali!” alisema Lempi.

“Mzee Urho, nimeandika amri mpaka vidole vinauma,” alisema Tuulikki. “Nimeshindwa.”

Akachomoa waya wa spika. Papo hapo spika zikatoa mlio wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto ya sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, kisha sauti ya Oiva, taratibu: “Ongeza maji, Urho. Nasikia baridi.”

Waya ulikuwa bado mkononi mwa Tuulikki.

Urho akapiga simu hospitalini. Akaambiwa Oiva alikuwa amefariki saa mbili asubuhi ya siku hiyo.