Kiapo cha Kuunga

Ilianza na pumzi. Ilikaa katikati ya maneno, fupi, kama ya mtu anayevuta hewa ili ajibu, na Mkasi akaifuta. Aliposikiliza tena ilikuwa palepale. Akaifuta mara ya pili, akailaumu mashine, akaenda kuchemsha chai.

Mkasi halikuwa jina la kuzaliwa. Alipewa na mwongozaji wa filamu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata picha na kuziunga, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alikuwa na uwezo wa kumliza mwigizaji mbovu kwa kuchukua jicho la jana na kwikwi ya juzi. Safari hii alikuwa anaunga filamu ya mahakamani: kesi ya mauaji, wakili mwenye maneno mengi kuliko hoja, na shahidi mwanamke anayepanda kizimbani na kudanganya mpaka asiye na hatia anafungwa. Shahidi huyo aliigizwa na mdogo wake Mkasi, tumbo moja.

Sasa, maandishi yalimtaka shahidi aape kwa macho ya mama yake, na mdogo mtu aligoma. Alifika kwenye "Naapa kwa macho ya," akanyamaza, kamera zinamwangalia, akasema mama yake yu hai na maneno hayo hayatoki. Mwongozaji alibembeleza, akafoka, mwisho akasema ipigwe hivyo hivyo, Mkasi atajua la kufanya.

Na Mkasi alijua. Kulikuwa na kipande kingine, shahidi yuko jikoni anaongea na simu, anasema mama yangu anaumwa. Akachomoa "mama yangu" kutoka jikoni, akaibandika kizimbani, na pale penye mshono akaweka uso wa hakimu ili mdomo wa shahidi usionekane. Kiapo kikasimama wima. Kila aliyekisikia alidhani kimesemwa na mtu mmoja kwa mkupuo mmoja. Mkasi alijipongeza, na hapo ndipo aliponusa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, katika chumba ambacho hakikuwa na mshumaa wala kibatari, bali kioo cha mashine na mapazia mazito.

Nyumbani aliishi na mama yake na binti yake. Mama alijivunia macho. Kwa umri ule bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, na kuwacheka wenzake waliopapasa. Binti alikuwa darasa la kwanza na kipaji chake kilikuwa kuiga watu: mwalimu anavyokohoa, muuza duka anavyohesabu chenji, bibi anavyopiga chafya. Ukifanya jambo mbele yake, kesho unalo.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza alasiri ya siku ya mapumziko, na watu wakagawanyika hata kabla ya kutoka ukumbini. Wengine walisimama na kupiga makofi. Wengine walitafuta mlango. Mchambuzi wa redioni alisema wakili anahutubia kama anauza sabuni sokoni. Mwenzake wa gazetini akasema haijapata kutokea filamu ya kesi yenye kukaba koo namna ile. Waliosifu na walioponda walikutana mahali pamoja tu, kwenye kiapo. Na wote walimtaja mtu wa benchi la nyuma. Kuna mtu, waliandika, ambaye shahidi akishaapa humjibu kutoka gizani, "Nimesikia." Nusu walisema huo ni ufundi mkubwa. Nusu walisema ni upuuzi, mahakama gani hiyo?

Mkasi alisoma akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Filamu aliiunga yeye, kila kipande alikijua, na benchi la nyuma halikuwa na mtu.

Jioni ile ya onyesho la kwanza alikuwa amemkuta mama sebuleni, jua limejaa dirishani, uzi mkono huu na sindano mkono ule.

"Nani amezima taa?" mama aliuliza.

Hospitali walimulika, wakapima, wakasema macho ni mazima kabisa. Lakini kila mara filamu ilipoonyeshwa, ukungu ulizidi, na sebule ilinuka utambi. Mdogo mtu ndiye aliyelinganisha saa za maonyesho na ukungu wa mama. Alikuja mchana, hakukaa, akamvuta dada yake pembeni na kunong'ona.

"Dada, mimi sikuyasema yale."

"Ni maigizo tu, mdogo wangu."

"Mimi nilikataa. Umeniapisha kwa mdomo wangu mwenyewe."

Akaleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye haraka, aliyeacha viatu mlangoni na kuomba aonyeshwe hicho kipande, sauti ikiwa imezimwa. Alitazama mshono mpaka mwisho, akasema jini la viapo huja kusikiliza, na likisikia uongo humshika mtu mzima aliyeapa. Hapa limekuta aliyesema hakuapa, na aliyeapisha hakufungua kinywa. Limekosa wa kumshika, basi limeshika rehani iliyotajwa, yaani macho, na kila kiapo kikirudiwa linajongea. Dawa ni kukikata kipande, nakala zote, leo.

Ilikuwa kazi ya dakika chache kwa mtu kama yeye. Lakini filamu ilikuwa imeingizwa kwenye mashindano, majaji walikuwa waitazame wiki ile, na Mkasi alikuwa anawania tuzo ya uhariri kwa sababu ya kiapo kilekile. Miaka yote mwongozaji ndiye aliyepanda jukwaani, yeye akipigiwa makofi ya jumla pamoja na madereva na wapishi.

"Tukingoja majaji waitazame kwanza?" aliuliza, sauti chini.

Mganga akaelekea mlangoni kwenye viatu vyake. "Macho si yangu," akasema. "Wala si yako."

Mama alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi.

Mkasi akangoja. Saa ambayo majaji walikuwa wamekaa ukumbini, mama alikuwa kwenye kiti chake na mjukuu wake miguuni, na Mkasi, aliyekuwa amesimama mlangoni akijiambia kwamba hofu ni ya mtu asiye na shule, aliona vidole vya mama vikiacha sindano, akaona mboni zake zikitulia kama maji ya ndoo iliyotuliwa chini, na harufu ya utambi ikajaa chumba mpaka mtoto akaziba pua, na kutoka nyuma ya kiti, pale ambapo palikuwa na ukuta na si kingine, mtu akavuta ile pumzi yake fupi, bila haraka, kama karani aliyeitwa kazini, akasema amesikia.

Majaji nao waligawanyika. Tuzo ikaenda kwa filamu ya vichekesho vya harusi.

Ndipo Mkasi alipokata, akilia kwa aibu na kwa hasira. Aliharibu nakala zote, mwongozaji akimtukana kwenye simu. Mganga akarudi, akafukiza, akasoma alichosoma, akakiamuru kitu kile kitoke, na kwa siku kadhaa kilitoka kweli. Harufu ikaisha. Mama akaanza kuona umbo la dirisha, kisha rangi ya gauni la mjukuu, na Mkasi akapiga magoti akambusu mikono.

Kumbe ukumbini kulikuwa na mtu mwenye simu. Alirekodi kiapo, kiapo tu, na kikageuka mzaha wa kutumiana. Aliyechelewa kazini alijitetea nacho, aliyesahau ahadi ya mpenzi alijitetea nacho, na wenye vibanda waliapa nacho kwamba nyanya ni za leo. Dirisha la mama likazimika, gauni likazimika, na tangu hapo alikaa akishtuka kila mara bila sababu, mchana na usiku, kiganja usoni, kama mtu anayetemewa mate na watu asiowaona. Mganga alipoitwa safari hii alisema hajui namna ya kukata kilicho kwenye mifuko ya watu wote, akavaa viatu vyake.

Siku moja, jua la saa saba likiwaka uani, Mkasi alikuta kopo la sukari liko wazi mezani. Akamwita binti yake na kumuuliza kama amelamba sukari. Mtoto alikuwa na chembe nyeupe mdomoni. Akasimama wima, akainua mkono wa kulia kama shahidi, na kwa sauti ileile ya mama yake mdogo, hata mshono wake hausikiki, akaapa kama kiapo kilivyosikika kwenye simu zote za mtaa ule.

"Naapa kwa macho ya mama yangu, sijalamba."

Mkasi alirusha mkono kumziba mdomo, akachelewa. Pumzi fupi ilikwisha kuvutwa nyuma ya shingo yake, karibu kiasi cha kutikisa nywele.

"Nimesikia."

Mkasi akapapasa meza, akaangusha kopo, akauliza nani amezima taa.

Kwenye kiti chake mama aligeuza uso upande wa sauti.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Utazoea."