Jina Lisilo na Mwenyewe

Jaribio lilifaulu, na balaa lilianzia hapo, kwa sababu jaribio hilo lilipaswa kufeli.

Kazini walimwita Mama Viungo. Si kwamba aliuza mdalasini, ingawa shangazi yake mmoja alidhani hivyo kwa miaka miwili na kila mara alimwagiza iliki. Kazi yake ilikuwa kutunza kiunganishi, programu ndogo iliyojificha ndani ya kompyuta, ambayo watumiaji hawaioni wala hawaijui. Programu yoyote ikiamka huita wasaidizi wake kwa majina. Kiunganishi humtafuta mwenye jina, huandika mahali anapokaa, na kuanzia hapo kila mwito huenda moja kwa moja kwa yule aliyeitika mara ya kwanza, bila kuuliza tena. Na kwa kuwa vichakataji, yaani bongo za kompyuta, havisemi lugha moja, Mama Viungo aliifanya kazi ileile mara tano, kwenye mashine tano zilizopangwa katika chumba kisicho na dirisha. Nne zilikuwa mpya. Ya tano ilikuwa kuukuu, na haikustaafishwa kwa sababu mteja mmoja mkubwa bado alitumia za aina hiyo.

Kila alipobadilisha kitu aliendesha majaribio, na mojawapo lilikuwa kuita jina ambalo halipo. Alilibuni mwenyewe miaka minne nyuma, herufi tu zilizomjia kichwani, na hapa halitatajwa. Jibu sahihi lilikuwa moja: hakuna mwenye jina hili. Siku hiyo mashine nne zilijibu hivyo. Ya tano haikulalamika. Ilikuwa imempata mwenye jina.

Alipompelekea mkuu wake habari hiyo, mkuu, ambaye alibakiwa na siku tatu za kumkabidhi mteja kazi, alimwambia kwamba wenzake hulia majaribio yakifeli, ni yeye tu anayelia yakifaulu. Mama Viungo akarudi kwenye chumba cha mashine. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Aliangalia anwani iliyoandikwa kwenye mashine ya tano, akaona ni mahali ambapo mashine ile haina kumbukumbu kabisa, kama mtu aliyepewa namba ya nyumba iliyo katikati ya ziwa. Angeweza kuifuta aende zake. Lakini swali lisilojibiwa humnyima fundi usingizi. Aliuruhusu mwito upite, aone utafika wapi, na alipokuwa akingoja, midomo yake ikalitamka lile jina.

Feni za mashine zote tano zikanyamaza. Ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kisha, nyuma ya kabati la mashine, sauti nyembamba ya mtoto wa kike ikasema kwa adabu, "Abee."

Hapakuwa na mtu. Feni zikaanza kuvuma tena, naye akajiambia ni njaa.

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na binti yake wa miaka tisa, katika jengo la ghorofa lenye korido ndefu na milango inayotazamana. Jioni ile aliingia, akavua viatu, akamwita binti yake kama kawaida. Akaitikiwa kutoka chumbani. Aliteleka maji, akaanza kumuuliza habari za shule huku akikata vitunguu, naye akajibiwa ndiyo mama, hapana mama, mpaka mlango wa mbele ulipofunguliwa nyuma ya mgongo wake na binti akaingia na mkoba begani, jasho usoni, akilalamika kwamba ngazi zimemmaliza.

Akakimbilia chumbani na kisu mkononi. Hapakuwa na kiumbe, ila ile harufu ya majivu.

Siku zilizofuata hali ilizidi, kwani ikawa kila akimwita mtoto, hata akiwa naye meza moja anachora, mtoto hainui kichwa, haoneshi hata kusikia, na jibu linatoka kwingine, kwanza chumbani, kesho yake nyuma ya pazia, keshokutwa chini ya meza iliyokuwa mbele yao, karibu kabisa na magoti yake, abee mama, abee mama, kwa sauti iliyozidi kufanana na ya mwanawe kila ilipoitikia, kama mtu anayejaribisha nguo ya mwenzake na kuona inamkaa vizuri.

Siku ya nne binti aliweka penseli chini, akamtazama mama yake kwa huzuni.

"Mama," alisema, "mbona siku hizi huniiti?"

Usiku huohuo hakulala, na kulipokucha alimchukua mtoto mpaka kwa mama mkubwa wake, mkunga mstaafu, aliyetibu watu waliovamiwa na visivyoonekana. Mama mkubwa hakujua kompyuta, ila aliposimuliwa habari za kiunganishi aliitikia kwa kichwa kama anayesimuliwa habari za jirani.

"Uliita jina lisilo na mwenyewe," alinong'ona. "Mara ngapi?"

Mama Viungo alipiga hesabu. Mashine tano, mabadiliko zaidi ya ishirini kila siku, miaka minne. "Zaidi ya laki moja, mama."

"Ukibisha mara laki moja, hata mlango usio na nyumba utafunguliwa."

Dawa yake haikuwa ndefu. Lile jina lifutwe kwenye mashine zote. Mtoto apewe jina jipya, alisikie sikioni tu, na la zamani lisitamkwe tena maishani. Na kwa siku saba ndani ya nyumba ile mtu asimwite mtu. Waguse bega, wapige makofi. "Likikosa wa kuliita," alimwonya, "litaanza kuita lenyewe. Usiitike. Atakayeitika ndiye mwenyeji wake."

Alilifuta pamoja na jaribio lake, na mkuu akanuna kwa wiki nzima. Mtoto akanong'onezwa jina jipya. Siku sita zikapita kimya kimya. Siku ya saba, alasiri, jua likiwa bado kali dirishani, walikuwa wamekaa sakafuni wakikunja nguo, sauti ilipotoka jikoni.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya mwanawe, na mwanawe alikuwa mapajani pake, midomo imefungwa, macho yamemtoka. Ikaita tena, sasa ikilia, ikasema imeanguka, imeumia, inaona giza, mama njoo, mama uko wapi, na kila mshipa wa mwili wake ukataka kuitika, matiti yakamuuma kama ya mzazi wa jana, akakiuma kiganja mpaka damu ikatoka, na hakuitika. Sauti ikapita mbele yao, ikapita chini ya mlango, ikatoka koridoni.

"Mama," ikaita huko.

Ndipo alipofahamu. Alikimbilia mlango, akashika kitasa. Alitaka kupiga kelele kuwaonya watu, lakini kelele ingekuwa jibu. Binti yake alimshika gauni, akatikisa kichwa. Mkono ukabaki kitasani.

Mlango wa pili ukalia bawaba, na mwanamke wa pale, mwenye watoto watatu, akaitika kwa upole, "Bee, mwanangu?"

Kesho yake, Mama Viungo akitoka kwenda kazini, mlango wa jirani ulikuwa wazi. Mume alikuwa amesimama ukumbini akimwita mkewe, akimwita tena na tena, na mkewe alikuwa mbele yake, hatua moja tu, akimtazama na kungoja aitwe. Jibu lilikuwa likitoka chumbani.