Karai Nyuma ya Picha

Kama unataka mapenzi yanayonukia marashi, tafuta pengine. Haya yalianzia kwenye karai la utumbo, tena utumbo ambao haujaoshwa, ptuu! Mwenyewe nasimulia nimeziba pua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sokoni, upande wa nyama. Klabu ya watu wanaojifunza kupiga picha ilikuwa imekuja kutafuta sura za kupiga. Kati yao alikuwamo mfamasia mmoja, shati jeupe, viatu vyeupe (viatu vyeupe kwenye nyama, jamani!), ambaye alifuta lenzi na vidole vyake kwa spiriti kila mara hata wenzake wakambandika jina hilohilo, Spiriti. Akarudi kinyumenyume ili picha ikae vizuri, akakanyaga bonge la mafuta, miguu ikamtoka, akaketi kitako ndani ya karai.

Binti mwenye karai aliidaka kamera hewani. Sokoni walimwita Kisu, kwa sababu ya kazi yake na ya ulimi wake. Alivaa aproni ya plastiki, buti za mpira, na hereni ndogo nyekundu ambazo hazikuwa na habari na uchafu wote ule.

"Inuka, kaka. Huo utumbo una wenyewe."

"Mungu wangu! Maji gani haya? Yanaingia ndani ya suruali!"

"Tulia, hayaumi." Kisu akaweka jicho kwenye kamera, akabonyeza.

"Unafanya nini?"

"Nakuwekea kumbukumbu. Kumbe ni kubonyeza hapa tu? Na hii ya kuzungusha ni ya nini?"

Huku maji ya kijani yakimchuruzika mapajani, Spiriti alijikuta anamweleza. Mwisho akasema, "Njoo klabu Jumamosi ijayo. Tutakufundisha."

"Nije na harufu yangu?"

"Uoge kwanza."

Kisu akacheka, akidhani ni utani.

Akaenda. Klabu ilikutana kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki, na mwenyekiti mwenye kipara asiyechoka kurudia jambo moja: "Nyuma ya picha pawe pasafi! Ondoeni takataka nyuma ya mtu!" Kisu aliyashika mambo upesi, mwanga, kivuli, kusubiri. Jioni simu kati yake na Spiriti hazikupoa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umenawa?"

"Nimenawa, bwana sabuni. Kesho unakuja kumsalimia mama?"

"Nitakusubiri kwenye geti la soko, mpenzi."

Kila siku getini. Mama yake Kisu, aliyemlea peke yake kwa utumbo huohuo, akaanza kuuliza kama huyo kijana ana miguu kweli. Siku moja tu ndiyo aliingia, kupiga picha ya maonyesho ya klabu: Kisu mbele na kisu chake, mama nyuma ameinamia karai. Alimwomba mama asitikisike, na mama, mgongo ukimuuma, akatulia kama alivyoambiwa. Mambo yalikwishapangwa. Baada ya maonyesho, mjomba wake Spiriti angekuja kuposa.

Siku ya maonyesho mama alivaa gauni la zambarau lililopigwa pasi likanyooka, akajimwagia manukato hadi watu wakapiga chafya. Alipita picha moja moja, akafika kwenye ya binti yake. Ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulificha. Kisu aling'aa, na nyuma yake kulikuwa na ukuta wa kijivu, mtupu.

Mama akasogea karibu. Akavaa miwani.

"Mimi niko wapi?"

Kisu akamgeukia Spiriti. "Mama yangu umempeleka wapi?"

"Mpenzi, mwenyekiti alisema nyuma pawe pasafi. Nimepasafisha tu kwa kompyuta, mbona ni kawaida..."

"Kwa hiyo mama yangu ni takataka?"

"Taratibu, watu wanasikia."

"Wasikie! Unanitia kinyaa! Utumbo unanuka kwa sababu ng'ombe amekufa. Wewe unanuka ungali hai!"

Mama alikwishafika mlangoni, mkoba kifuani. Nami nasema wazi, ningekuwepo ningemtemea yule kijana kwenye viatu vyake vyeupe.

Spiriti alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Siku Kisu alipopokea, akaanza, "Unajua, ni mwenyekiti..." Akakatiwa. Kesho yake, "Klabu nzima ndivyo wanavyofanya..." Akakatiwa. Mwishowe akaja mwenyewe, mpaka mezani kwao sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea? Geti liko kule."

"Naomba nikupige picha tena. Ile ya kwanza niliifuta kabisa."

"Kwa nini?" aliuliza Kisu, bila kuinua kichwa. "Sema mwenyekiti, uone."

Spiriti akaiweka kamera mezani. "Si mwenyekiti. Niliona kinyaa. Niliitazama mikono ya mama kwenye karai, nikafikiri mjomba ataiona, nikaona aibu. Nikamfuta. Ni mimi."

Maneno machafu kuliko karai lenyewe, ila yalikuwa ya kweli. Kisu akaacha kukata.

Mama alilisukuma karai kwa mguu. "Osha."

Spiriti akakunja mikono ya shati. Utumbo ulikuwa bado na joto, unateleza, umejaa nyasi zilizotafunwa nusu, na alipoubinya ukamtolea hewa usoni. Akakimbilia mfereji, akatapika. Akajifuta kwa bega, akarudi. Akatapika tena, akarudi tena.

"Huyu atanifukuzia wateja," mama alinung'unika, lakini tayari alikuwa anamwonyesha namna ya kuugeuza nje ndani.

"Nikishanawa," Spiriti alisema akihema, "nina jambo la kusema."

"Usinawe," Kisu akamjibu. "Sema hivyohivyo."

"Naomba nikuoe. Kama mama ataniridhia."

Kisu akamtazama mama yake. Mama akakamua utumbo, akauning'iniza.

"Mjomba wako aje. Lakini aje hapa, akae kwenye ile ndoo, nimwone anavyopumua."

"Basi nimekubali," Kisu akasema, akaichukua kamera. "Sogeleaneni."

Akatazama. Nzi, mfereji, ukuta wenye madoa ya damu, mchumba aliyepauka, na mama katikati, mikono imechafuka hadi viwikoni. Mwenyekiti angezimia. Kisu hakufukuza hata nzi mmoja.

"Nimo?" mama aliuliza.

"Umo, mama."

"Basi bonyeza, mgongo unaniuma."